Koti la Rangi ya Haradali

Carrow, Indiana
14 Desemba 1964

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inawakuta wewe na Mama mkiwa wazima huko Lindvale, na kwamba goti lako halijaanza kulalamika kwa baridi. Chumba nilichopanga kina joto upande mmoja tu, kwa hiyo usiku najigeuza kama samaki kikaangoni. Mwambie Mama soksi alizonifumia nazivaa zote kwa pamoja, na suti aliyonishonea ya kuondokea bado imenikaa vizuri.

Kazi nimeipata. Mimi ni karani katika ofisi ya michezo ya chuo kikuu, na meza yangu iko nje ya mlango wa mkurugenzi, Bwana Garrity. Napiga chapa barua zake, napokea simu, napanga filamu za mechi kabatini. Ni mtu mpole wa sauti. Akitaka kumfukuza mtu humuuliza kwanza habari za nyumbani. Tangu nigundue hilo, akiniuliza habari zangu natazama kwanza ilipo kofia yangu.

Timu ya mpira wa kikapu hapa inapigwa vibaya. Asubuhi nikipita nyumbani kwa Kocha Ballinger nakuta watu wamemchomekea kibao cha INAUZWA kwenye nyasi za mbele ya nyumba, yaani ahame. Juzi nilimkuta yeye mwenyewe, amevaa joho la kulalia na viatu vya mpira, anaking'oa. Aliponiona akasema, "Karani, shika huku." Tukakibeba hadi nyuma ya banda la gari. Huko nyuma vilikuwapo vingine vimeegemezwa ukutani kwa unadhifu, kama sahani kabatini. Nikasema habari za asubuhi.

Jambo lenyewe ni hili. Jana Bwana Garrity alisimama mezani kwangu akauliza, "Wewe ni mpwa wa Orrin Dahlquist, kocha wa Lindvale?" Nikasema ndiyo. "Aliyekulea?" Nikasema ndiyo, tangu Baba alipofariki. Akasema, "Timu yake hukaba mpaka mtu anasahau jina lake." Kisha akaniuliza habari za nyumbani. Sijalala vizuri. Sijui kama ni heri au ni shari, nimeona bora nikuambie.

Mpwa wako,
Lyle


Lindvale, Kansas
29 Desemba 1964

Karani,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anasema nyumba imekuwa kubwa Krismasi hii bila wewe. Mimi nasema pai imetosha kwa mara ya kwanza. Goti linauma.

Tumeshinda mechi zote isipokuwa moja, na hiyo lawama nimempa Wes Amundsen, maana kocha msaidizi ni wa kazi hiyo. Nilimwambia mbele ya vijana, "Wes, ukifa wataandika kaburini: hapa amelala mtu aliyeshika taulo." Wakacheka. Naye akacheka. Miaka tisa ananibebea mkoba na kucheka. Mtu anayecheka hivyo hapandi popote.

Umeniandikia habari kubwa ukaizika chini ya soksi na nyasi. Ndivyo ulivyo tangu utoto. Ulivunja dirisha la kanisa ukaja kunieleza habari za mvua. Sasa nisikilize. Unajua kazi yetu inavyopandwa kama ngazi. Nilianza kwa kuendesha basi la timu na kufua taulo zao. Nikafundisha shule za mashambani ambako vijana waliacha mazoezi wakaenda kukamua ng'ombe. Nikapewa chuo hiki cha kanisa, nikasema nitakaa miaka mitatu. Nimekaa ishirini na miwili. Kila masika simu hulia kwa wengine. Vijana niliowafundisha kufunga kamba za viatu ni makocha wakuu wa vyuo vyenye uwanja wa watu elfu kumi. Mimi nina miaka hamsini na minne, na vyuo vikubwa humtazama mtu wa hamsini na sita kama farasi mzee: wanamsifu meno na kupita.

Mlango wa huyo Garrity ukifunguka, weka mguu. Usitetemeke. Mguu tu.

Na usipige simu. Laini yetu tunagawana na majirani, na mke wa mchungaji husikiliza huku anapumua kama ng'ombe.

Mjomba wako,
Orrin


Carrow, Indiana
19 Januari 1965

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, na mshukuru Mama kwa mkate wa tangawizi. Ulifika umevunjika lakini mtamu, nikaula kwa kijiko. Mafua yamepita ofisi nzima, mimi yamenikosa.

Mguu niliuweka, au tuseme mlango ulifunguliwa juu ya mguu wangu. Bwana Garrity aliniita ndani. "Mjomba wako angependa kuja kupaona hapa?" Nikasema nadhani angependa. "Unadhani au unajua?" Nikasema najua. Akasema atakuandikia mwaliko wa Februari, na uje na Mama, maana mgeni wa namna yako huja na mke akaonyeshwa nyumba, na wewe mkeo alikwisha fariki, basi dada yako atashika nafasi yake. Waandishi wa gazeti watawapokea stesheni. Nikauliza kama si vibaya, kwa kuwa Kocha Ballinger bado yuko kazini. Akasema, "Lyle, wewe unataka kuwa nani?" Nikasema kocha, kama wewe, Mjomba. Akasema timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza itahitaji kocha msaidizi mwakani, na yeye hupenda kumpandisha mtu anayejua kunyamaza.

Kuna jambo moja dogo. Kuna kocha kijana wa chuo kimoja cha kusini, anaitwa Dack Purvis. Timu yake inashinda sana, na itakuwa kwenye mashindano ya taifa hadi baada ya katikati ya Machi. Purvis akipiga simu, Bwana Garrity hufunga mlango. Wewe ukitajwa, mlango huachwa wazi, hata waandishi wakiwa wamekaa hapa kwenye benchi. Nakueleza kwa sababu nilikuahidi kukueleza kila kitu. Huenda haina maana.

Mpwa wako,
Lyle


Lindvale, Kansas
16 Februari 1965

Lyle,

Tumerudi salama. Treni ilisimama saa nzima kwenye theluji na mama yako akawagawia abiria mayai yetu ya kuchemsha, ndiyo maana nilifika na njaa na hasira. Wazazi wa vijana wetu wamekwisha kusikia kila kitu kutoka kwa mke wa mchungaji, kwa hiyo husimama njiani kunipa mkono kama mtu anayeenda vitani.

Garrity wako nimempenda. Ana adabu. Alinitembeza kwenye ule uwanja, akaniacha nisimame katikati peke yangu. Sakafu inang'aa mtu anaona aibu ya viatu vyake. Nilirusha mpira mmoja. Ulikosa, lakini mlio wake ulirudi kutoka juu kabisa kwenye viti vya mwisho, na nikajua kwa nini nilikuwa nimekaa Lindvale muda wote huo. Nilikuwa nangoja mlio ule.

Mke wa Garrity alimwonyesha mama yako nyumba yenye chumba cha kushonea, dirisha linatazama mashariki. Unamjua Verna, hasifu kitu. Alisimama chumbani humo akafungua droo moja, akaifunga. Njiani kurudi akasema, "Droo haikwami."

Kuhusu yale ya mlango: mtu hufunga mlango kwa jambo la aibu. Kwangu ameuacha wazi. Soma hivyo, karani, usisome kama mwizi.

Lakini mezani kwa Garrity hukula. Uliikata nyama vipande vidogo vidogo ukavipanga. Nilifikiri ni woga wa kula na wakubwa. Mama yako alisema, "Mtoto huyu ana kitu kooni." Nikamwambia ni kola. Amekusalimu, anauliza kama ni kola.

Mjomba wako,
Orrin


Carrow, Indiana
25 Februari 1965

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwambie Mama ilikuwa kola. Nimeipeleka kwa dobi. Ni mzima, nala vizuri, na mwenye nyumba amenipa blanketi la pili.

Kocha Ballinger ameacha kung'oa vibao. Sasa vimesimama vitatu.

Naandika kwa haraka kwa sababu ya jambo moja. Bwana Garrity anataka kujua vipimo vyako vya koti. Unajua desturi ya hapa: siku kocha mkuu mpya anapotangazwa huvaa koti la chuo, la rangi ya haradali, mbele ya wapiga picha. Fundi wa mjini, Bwana Bascomb, hulishona mwenyewe, na duka lake linapakana na ofisi ya gazeti. Nilitaka kupiga chapa ombi hili kwa karatasi ya ofisi. Bwana Garrity akaichukua ile karatasi kutoka kwenye mashine, akasema, "Hapana. Mwandikie kama mpwa, si kama karani."

Ndivyo ninavyoandika. Kifua, mabega, kiuno, urefu wa mkono.

Usimwambie mtu, Mjomba. Na usiuze kitu wala kuahidi kitu mpaka uwe na karatasi yenye saini yake. Nasema hivyo kwa sababu makarani ndivyo tunavyofikiri.

Mpwa wako,
Lyle


Lindvale, Kansas
3 Machi 1965

Mpwa wangu,

Kifua inchi arobaini na nne, kiuno hatukisemi, vingine viko kwenye kipande cha karatasi kwa mkono wa mama yako. Alinipandisha juu ya kigoda jikoni, utepe shingoni mwake. "Simama wima, Orrin." Nikasema nimesimama. "Basi umefupika." Nikamwambia nimebeba watu wa chuo hiki miaka ishirini na miwili, nitaachaje kufupika. "Usiongee, kifua kinapanda." Alipomaliza aliushika ule utepe mkononi kitambo, kisha akaniambia nishuke nisivunje kigoda. Alikuwa anaimba, Lyle. Sikuwahi kumsikia tangu baba yako azikwe.

Rangi ya haradali. Nitafanana na nepi ya mtoto, na nitaivaa hadi kaburini.

Sasa soma hapa mara mbili. Mkataba wangu wa mwaka ujao umekuja mezani. Sisi hapa tunausaini na kuurudisha kabla ya tarehe kumi na tano Machi, na Jumatatu inayofuata majina ya waliosaini husomwa kanisani mbele ya chuo kizima. Asiyesaini ameondoka. Hakuna kuongezewa siku. Na unajua watu wetu: aliyesaini akaondoka amevunja kiapo. Yule mwalimu wa historia alifanya hivyo, na siku ya mnada wake hakuna aliyenunua hata ng'ombe. Mimi ndiye niliyewaambia vijana kwamba jina la mtu huandikwa mara moja. Siwezi kusaini leo na kuvaa koti la Carrow kesho.

Wes ananizunguka kama paka. "Mzee, umesaini?" Nikamwambia, "Wewe, nikifa utaambiwa, uje na taulo."

Garrity hajaandika. Nampigia, mwanamke wa swichibodi ya chuo chenu anasema yuko kikaoni, hanifikishi hata mezani kwako. Karatasi yenye saini yake sina. Nina wewe. Umekaa mlangoni pake. Nisaini au nisisaini? Nipe neno moja, linitoshe.

Mjomba wako,
Orrin


Carrow, Indiana
9 Machi 1965

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri na kwamba theluji imeanza kupungua huko. Hapa barabara zimekuwa matope. Mwenye nyumba amefiwa na dada yake, kwa hiyo wiki hii tunajipikia. Nimefurahi sana kusikia kwamba Mama aliimba. Aliimba wimbo gani?

Vipimo vimefika salama. Bwana Bascomb amekwisha kulikata koti na kulitundika dirishani, bila vifungo. Waandishi wamelipiga picha, na jina lako liko kwenye gazeti la jana, ukurasa wa michezo. Purvis hawamtaji. Timu yake imeingia kwenye nane za mwisho.

Kuhusu swali lako. Bwana Garrity ameniuliza kama walimu wa Lindvale wamekwisha kusaini. Nilimwambia majina husomwa kanisani, na kwamba gazeti la kwenu huyachapa. Akafikiri kidogo akasema, "Ingekuwa vibaya kwa kila mtu kama jina lake lingesomwa mwezi huu." Akasema kila mtu, nami nikiwemo. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo. Mimi ni karani tu, Mjomba. Siyaoni mambo yote. Wewe una uzoefu wa kazi hii kuliko mtu yeyote ninayemjua, na naamini utaona lililo sawa.

Usifanye haraka.

Mpwa wako,
Lyle


Lindvale, Kansas
31 Machi 1965

Lyle,

Sisi wazima.

Tulisikia redioni, Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Mama yako alikuwa anapiga pasi mashati yangu ya safari. Walisema Carrow imempata Dack Purvis, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, na kwamba walielewana naye tangu Januari lakini wakaficha ili vijana wake wasivunjike moyo katikati ya mashindano. Mtangazaji alicheka akasema waandishi wote wa Indiana walikuwa wanamkimbiza mzee mmoja wa Kansas. Hakutaja jina. Mama yako aliiacha pasi pale pale ilipokuwa. Shati limeungua mgongoni umbo la pasi, na tumelitunza.

Saa moja kabla ya redio majina yalikuwa yamesomwa kanisani. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili, natabasamu kama bwana harusi, watu wakinipigapiga begani. Walifika herufi D, ya Dahlquist, wakaipita. Mchungaji akaniombea safari njema. Jioni ile ile rais wa chuo alimpa Wes Amundsen nafasi yangu. Nilienda kuuliza kama mkataba wangu bado uko mezani. Akasema, "Orrin, wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba jina huandikwa mara moja." Alisema kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Kesho yake nikakuta kibao kimechomekwa mbele ya nyumba. Lindvale hatukuwahi kuwa na tabia hiyo. Nadhani wameisoma kwenye magazeti ya kwenu.

Garrity hajapiga simu. Simlaumu, simjui. Nina neno moja na wewe.

Barua yako imeandikwa tarehe tisa. Muhuri wa posta ni wa tarehe kumi na sita, siku ya kusaini imekwisha pita. Nimeushika kwenye mwanga. Mtoto niliyemfundisha kusoma saa.

Siku uliponiuliza vipimo vya koti, ulikuwa unajua?

Jibu hilo tu.

Orrin


Carrow, Indiana
12 Aprili 1965

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mna afya njema. Nilisikitika sana kwa habari ulizoniletea. Nilisoma barua yako mara nyingi.

Ile barua ya tarehe tisa niliitia kwenye mfuko wa koti nikitaka kuipeleka posta, kisha nikapitiwa. Ofisi ilikuwa na kazi nyingi. Nisamehe kwa hilo.

Kocha Ballinger amehama. Lori lilikuja asubuhi, na mkewe alitoa chai kwa wapakiaji. Vile vibao vya nyuma ya banda walivipakia pia. Nilimuuliza Kocha vya nini, akasema vitamfaa kuwashia moto, ni mbao kavu.

Kocha Purvis ni mtu wa mwili mdogo. Alitangazwa na koti lake mwenyewe lililoshonwa kwingine, ukumbi ukapiga makofi. Lako lilibaki kwa Bascomb. Bwana Garrity alisema, "Mpelekee. Halimfai mtu mwingine." Nimelituma kwa kifurushi leo. Vifungo vimewekwa. Nilifikiri huenda Mama akapenda kuona ushonaji wake, bitana ni hariri.

Kuna habari nyingine ambayo sijui kama niiandike. Bwana Garrity amesema nafasi ya kocha msaidizi wa mwaka wa kwanza ni yangu kuanzia vuli. Nimeambiwa nisiitangaze bado. Ningependa uwe wa kwanza kujua, kwa sababu yote ninayoyajua juu ya mpira umenifundisha wewe.

Mama hajaandika tangu vile vipimo vya Machi. Je, mkono wake unamsumbua tena?

Mpwa wako akupendaye,
Lyle


Carrow, Indiana
20 Mei 1965

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu ya Aprili. Pengine ilipotea, kwa hiyo naandika tena. Ni mzima, ila usingizi umenikataa. Miti hapa imechanua yote, na wanafunzi wanakwenda makwao.

Nahitaji ushauri wako, na sina mwingine wa kumuuliza. Kocha Purvis amekuja na wasaidizi wake kutoka kusini, watatu. Wote wanakaa ofisini na hawanijui jina. Nimeletewa karatasi ya kuendelea na ukarani, niirudishe na saini kabla ya mwisho wa mwezi huu. Nikisaini, nimejifunga mwaka mzima kwenye meza hii, na ukocha hautakuwapo. Nisiposaini, nangoja neno la Bwana Garrity. Karatasi yake sina. Nimemuuliza mara mbili, akasema yote yako sawa.

Jana alisimama mezani kwangu. Aliniuliza habari za nyumbani. Kisha akaniuliza koti langu ni saizi gani.

Mjomba, wewe unaijua kazi hii. Hilo swali lina maana gani? Nisaini au nisisaini? Nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza, hata kama ni neno moja. Na umwambie Mama aniandikie chochote.

Lyle


Lindvale, Kansas
7 Juni 1965

Lyle,

Wazima. Ngano imekauka vizuri, watavuna mapema.

Nimepata kazi. Wes alikuja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi. "Mzee, basi la timu halina dereva." Nikamtazama. "Na zile taulo," akasema, "mtu wa kuzifua." Akacheka kile kicheko chake. Miaka tisa nilidhani ni cha mjinga. Nimekubali, maana nyumba hii ni ya chuo na ina masharti yake. Vuli nitakuwa nakaa nje ya viwanja nimewasha injini ili vijana wakitoka wakute joto. Ukipita Kansas na timu yako, nitafute maegeshoni.

Barua yako haikupotea, wala ile ya Aprili. Hii ya mwisho ilifika tarehe ishirini na nne, asubuhi. Niliisoma nimesimama. Uliuliza neno moja nami nilikuwa nalo, maana nimeona makocha wakipandishwa na kushushwa tangu hujazaliwa, na najua mtu mpole anapouliza saizi ya koti anataka nini. Niliandika jibu hapo hapo. Kisha nikalitia mfukoni nikitaka kulipeleka posta, nikapitiwa. Mwisho wa mwezi umekwenda. Utaona muhuri wa hii ni wa leo.

Usifanye haraka.

Unauliza habari za mama yako. Mkono hauumi. Kifurushi chako kilipofika hakukifungua muda mrefu, alikuwa anafagia kukizunguka. Wiki iliyopita alilitoa lile koti akalitandaza mezani, akachukua kiwembe na kuanza kufumua mabega. Nikamwuliza, "Verna, unanipunguzia?" Akasema, "Si lako." Alilishona upya lote, na pini mdomoni, kwa hiyo hata mimi hakunisemesha. Limo ndani ya kifurushi hiki. Bitana ameirudisha ile ile.

Hakuwa na vipimo vyako vipya. Amekata kwa vile vya suti ya kuondokea. Nikamwambia hilo ni kosa, huenda mtoto amenenepa huko, litambana.

Akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha pini.

"Wa vipimo hivi namjua," akasema. "Likimbana, huyo mwingine simjui."

Orrin